Bega la Mdakaji: Mafunzo Niliyopata kwa Mashabiki wa Besiboli

Mashabiki wa besiboli katika eneo la ghuba ya San Francisco wana mabishano mawili yasiyoisha. La kwanza linamhusu mpigaji ambaye kiwango chake kimeshuka: akalishwe benchi, avumiliwe au auzwe? La pili linahusu kugongana nyumbani, pale mkimbiaji anapofika mbio kutoka besi ya tatu na kumkuta mdakaji amesimama njiani. Nimeishi Oakland miaka mingi. Nimeyasikia mabishano hayo jukwaani, kwa kinyozi na ndani ya treni ya kurudi nyumbani usiku baada ya mechi, na mimi mwenyewe hubishana kwa moyo wote. Kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ubishi huo ni mmoja. Takwimu za mpigaji zinabebwa na bega, goti, kifundo cha mguu na kichwa. Anayekubali viungo hivyo vivunjwe kwa jina la ushujaa asishangae takwimu zikiporomoka.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka kama mimi, mchezo wenyewe uko hivi. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira. Mpigaji akiupiga vizuri anaanza kukimbia besi nne zilizopangwa mithili ya almasi, kila moja mita 27.4 kutoka kwa iliyotangulia. Ya nne ndiyo nyumbani, kibao cheupe chenye upana wa sentimita 43 kilicholala chini sawa na udongo. Anayekigusa salama anaipatia timu yake pointi. Nyuma ya kibao hicho amechuchumaa mdakaji, amevaa barakoa na kinga ya kifua na miguu. Yeye hudaka mipira ya mrushaji, na wakati huohuo ndiye mlinzi wa mlango: akimgusa mkimbiaji kwa mpira kabla hajafika kwenye kibao, mkimbiaji ametoka. Na zamu ya timu yake kupiga ikifika, huvua vifaa hivyo, akashika gongo na kwenda kupiga kama wenzake.

1. Kukosa mara saba katika kumi ni ustadi

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulizoea. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila majaribio kumi huitwa hodari, na akidumu hivyo miaka kumi na tano watu wataanza kumtaja kwenye jumba la mashujaa. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Katika muda huo auone, aujue ni wa aina gani, aamue, kisha azungushe gongo. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.406, yaani mapigo safi 406 kwa kila majaribio 1,000. Katika American League na National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo, hajatokea mwingine aliyemaliza msimu akiwa na 0.400 tangu hapo. Tony Gwynn wa San Diego alifika 0.394 mwaka 1994, msimu ambao mgomo wa wachezaji uliukatiza Agosti.

Kwa hiyo shabiki anayemzomea mtu kwa kukosa mara nne usiku mmoja anazomea jambo la kawaida kabisa. Timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Usiku mmoja ni kidogo mno.

2. Ukame una hesabu yake, uifanye kabla hujapiga kelele

Kuna mzee mmoja wa Mombasa, aliyehamia Oakland nikiwa bado shule ya msingi huko Tanga, ambaye sisi wote tulimwona kama mwalimu wa jukwaa. Siku moja kijana wetu mmoja alikuwa amekasirika sana.

“Mzee, huyu amekwisha. Kumi mfululizo hajapata kitu!”

“Hajaisha, mwanangu. Hebu kaa chini tuhesabu.”

Wakahesabu nyuma ya karatasi ya alama. Mpigaji wa 0.300 ana uwezekano wa kukosa wa 0.7 kila anapojaribu. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi, utapata kama 0.028, nafasi moja katika thelathini na tano. Ni ndogo, lakini msimu mzima una majaribio mia tano na zaidi, na ukame unaweza kuanzia popote. Ina maana kwamba hata mpigaji bora, mwenye afya, anayefanya kila kitu sawasawa, atapitia kumi kavu katika msimu, pengine zaidi ya mara moja. Yule kijana hakuwa na la kujibu, ila aliendelea kununa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Gil Hodges wa Brooklyn Dodgers. Katika fainali za ubingwa za mwaka 1952 alijaribu mara 21 na hakupata pigo safi hata moja. Watu wa Brooklyn hawakumzomea. Walimwandikia barua, wakampelekea hirizi za bahati, na padri mmoja akawahimiza waumini wake wamwombee. Mwaka uliofuata Hodges alipiga 0.302 katika msimu wa kawaida na 0.364 katika fainali. Sisemi sala haikufanya kazi. Ninachosema ni kwamba majaribio 21 yasingetosha kumhukumu mtu ambaye kwa miaka alikuwa amepiga vizuri.

Upande wa pili kuna Chris Davis wa Baltimore. Alipiga homurani 53, yaani mipira iliyovuka uzio wa uwanja, mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2016 akapewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161. Kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019 alikosa mara 54 mfululizo, rekodi mbaya kuliko zote kwa mchezaji asiye mrushaji. Hapo hesabu ya bahati haitoshi kueleza. Lakini tazama ushahidi ulikuwa wapi: si katika zile 54 peke yake, bali katika msimu mzima wa 2018, alipomaliza na wastani wa 0.168. Aliyekuwa amemtazama tangu mwanzo wa msimu ule alikuwa ameshajua kabla ukame wenyewe haujaanza.

Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na mpira unaotoka kwa kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Mpigaji anayepiga kwa nguvu moja kwa moja kwenye glavu za walinzi ana bahati mbaya, basi, na itageuka. Anayekosa mpira kabisa, au anayeusukuma chini kilegevu siku baada ya siku, ana jambo linalomsumbua. Mara nyingi jambo hilo liko mwilini, na hilo ndilo mashabiki husahau kuuliza.

3. Kabla ya kumkataa mpigaji, uliza bega lake likoje

Ray Fosse ndiye aliyenifundisha hili, na alinifundisha akiwa mtangazaji, muda mrefu baada ya kuacha kucheza. Tangu 1986 hadi alipofariki Oktoba 2021 alikuwa mmoja wa sauti za matangazo ya Oakland A's, na wengi wetu wahamiaji tulijifunza kanuni za mchezo kwa kumsikiliza. Sauti ya upole, isiyo na haraka. Angeweza kukueleza kwa nini mdakaji amesogeza glavu kidogo kushoto, na ukauona mchezo mzima upya.

Mwaka 1970 alikuwa na umri wa miaka 23, mdakaji wa Cleveland, na hadi katikati ya msimu alikuwa amepiga homurani 16. Akachaguliwa kwenye Mechi ya Nyota, iliyochezwa Cincinnati Julai 14, Rais Nixon akiwapo uwanjani. Ni mechi ya maonyesho. Haihesabiwi kwenye msimamo wa ligi wala haimpi mtu ubingwa. Katika awamu ya 12, alama zikiwa 4 kwa 4, Jim Hickman wa upande wa pili alipiga mpira kuelekea katikati ya uwanja na mwenzake Pete Rose akatoka mbio kutoka besi ya pili. Fosse alisimama kidogo juu ya mstari wa besi ya tatu kuusubiri mpira. Rose alianza kama anayetaka kujirusha, kisha akamwingia kwa bega. Fosse alipinduka chali. Rose akagusa kibao, timu yake ikashinda 5 kwa 4, na picha ya tukio lile ikawa miongoni mwa picha zinazojulikana sana katika mchezo huo.

Bega la kushoto la Fosse lilikuwa limevunjika na kuteguka. Eksirei za mwanzo hazikuonyesha, kwa hiyo aliendelea kucheza akiwa na maumivu. Mwaka uliofuata ndipo ilipojulikana kwamba mfupa ulikuwa umevunjika na ulishaanza kuunga vibaya. Na gongo lake? Zile 16 alizipiga kabla ya Mechi ya Nyota. Baada yake, hadi mwisho wa msimu, alipiga 2.

Hebu fikiria umeketi jukwaani Cleveland mwezi Agosti 1970. Mbele yako yuko kijana aliyekuwa akiurusha mpira nje ya uwanja Mei na Juni, na sasa haurushi. Ni rahisi kusema umaarufu umemlevya, au warushaji wameshamsoma. Hakuna anayeliona bega chini ya jezi. Fosse alicheza hadi 1979 na alitwaa ubingwa mara mbili na Oakland, 1973 na 1974, lakini ile nguvu ya kupiga haikurudi tena kama ilivyokuwa. Alizungumzia tukio lile maisha yake yote, kwa sababu kila alipokwenda waliliuliza, na maumivu ya bega hayakumwacha.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia fulani kiwango kimeshuka, swali langu la kwanza ni kama aligongwa, aliangukia mkono, au alipigwa na mpira kwenye kiwiko wiki mbili zilizopita. Majibu ni mengi kuliko unavyodhani.

4. Mdakaji hupiga kwa mwili uliokwisha kufanya kazi ya watu wawili

Anachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwa usiku. Mpira unaochubuliwa na gongo humpiga kwenye barakoa, shingoni, kwenye kidole gumba. Kisha tunamlinganisha na mlinzi wa besi ya kwanza, ambaye sehemu kubwa ya jioni amesimama.

Joe Mauer wa Minnesota aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara tatu, 2006, 2008 na 2009, akiwa mdakaji. Agosti 2013 mpira uliochubuka gongo ulimpiga kwenye barakoa, akapata mtikisiko wa ubongo, na huo ukawa mwisho wa kazi yake ya kila siku nyuma ya kibao. Kuanzia 2014 alicheza besi ya kwanza. Katika misimu mitano iliyobaki alifika 0.300 mara moja tu, mwaka 2017. Mwenyewe alieleza kwamba kwa muda fulani hakuwa akiuona mpira vizuri kama zamani. Mashabiki waliokuwa wakilalamikia mshahara wake miaka ile hawakumtendea haki, na nafurahi kwamba mwaka 2024 aliingizwa kwenye jumba la mashujaa.

5. Hasira ielekezwe kwenye kanuni, si kwa kijana aliyeifuata

Mei 25, 2011, San Francisco, ng'ambo ya ghuba kutoka kwetu. Giants walikuwa mabingwa watetezi, na roho ya timu ilikuwa Buster Posey, mdakaji wa miaka 24 aliyechaguliwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake mwaka uliotangulia. Awamu ya 12, alama sawa, Scott Cousins wa Florida Marlins yuko besi ya tatu. Mpira unapigwa juu, mfupi, upande wa kulia. Nate Schierholtz anaudaka na kuurusha nyumbani. Cousins anakuja.

Nimeirudia picha ile mara nyingi, polepole. Posey amesimama mbele kidogo ya kibao, na sehemu ya njia iko wazi. Mpira unafika, unamponyoka, na bado anageuka kana kwamba anao mkononi. Mguu wake wa kushoto umekunjika chini yake. Cousins hakielekei kibao, anamwelekea yeye. Posey anaanguka nyuma na kifundo kinabaki kilipokuwa. Mfupa mwembamba wa mguu ulivunjika, kano za kifundo zikachanika, na msimu wake ukaishia mechi ya 45. Giants hawakufika hata mtoano mwaka ule.

Kilichofuata kiliniumiza karibu sawa na tukio lenyewe. Cousins alitumiwa vitisho vya kuuawa. Watu wazima waliovaa jezi kama yangu walimtakia mabaya mchezaji wa akiba aliyekuwa akipigania nafasi yake kwenye timu. Kwa kanuni ya siku ile hakuvunja chochote, na mwamuzi hakuwa na la kumwadhibu. Wachezaji walifundishwa hivyo tangu ujana wao: mdakaji akisimama njiani, mgonge mpira umtoke. Wakaguzi wa vipaji walikuwa wakiwasifu wanaofanya hivyo.

Hapo ndipo mzee wetu wa Mombasa, ambaye kwa kawaida hupenda mambo ya zamani, alipotuambia neno ambalo bado nalitumia: mkiona mlango unaumiza kila anayepita, msimpige aliyepita, utengenezeni mlango. Kocha mkuu wa Giants, Bruce Bochy, aliyewahi kuwa mdakaji mwenyewe, alifanya hivyo hasa. Alianza kuidai ligi ibadilishe kanuni. Baadaye aliungwa mkono na Mike Matheny, kocha wa St. Louis, mdakaji wa zamani aliyelazimika kustaafu kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo. Watu hao wawili walijua uchungu wa kazi ile. Hoja ya kwamba kupinga kugongana ni ulegevu haikuwa na mashiko ikielekezwa kwao.

6. “Ndivyo mchezo ulivyo” si hoja

Nimesikia sentensi hiyo kwa lafudhi zote. Lakini mchezo huu umebadilika kila kizazi. Kofia ngumu ya mpigaji haikuwa lazima hadi miaka ya 1970. Mdakaji hakuwa na kinga ya miguu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na wa kwanza walioivaa walichekwa. Anayetetea kugongana kama urithi wa mababu achague basi ni mwaka gani wa mababu anaoutaka.

Isitoshe, kwenye besi nyingine zote mlinzi asiye na mpira hakuruhusiwa kumzuia mkimbiaji, na mkimbiaji hakuruhusiwa kumvamia mlinzi kama kwenye raga. Nyumbani tu ndiko mazoea yaliachiwa yatawale.

Na watoto walikuwa wameshalindwa zamani. Katika Little League, ligi ya watoto, mkimbiaji anayekuta mlinzi ana mpira na anamsubiri lazima ateleze au ajaribu kumkwepa, la sivyo ametoka. Vijana wa Lugazi, Uganda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, walicheza chini ya kanuni hiyo na wakawafunga wenzao wa Oregon 3 kwa 2. Hakuna aliyesema mchezo wao ulipungua ladha. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

7. Kanuni nzuri huanza vibaya, kisha hunyooshwa

Februari 24, 2014, ligi na chama cha wachezaji walitangaza kanuni mpya ya majaribio, iliyopewa namba 7.13 na ambayo sasa inasomeka kama 6.01(i). Ina pande mbili, na mashabiki wengi hukumbuka mmoja tu. Mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake ya kwenda kwenye kibao ili amgonge mdakaji. Akiinamisha bega, au akisukuma kwa mikono au viwiko, ni dalili kwamba alikusudia, na atatolewa hata kama mpira umemponyoka mdakaji. Mdakaji naye haruhusiwi kuziba njia kama hana mpira mkononi. Akiziba na kumkwamisha mkimbiaji, pointi inahesabiwa. Akishaupata mpira, au akilazimika kuingia njiani kuufuata unakoruka, anaruhusiwa kuwa hapo.

Msimu wa kwanza ulikuwa na vurugu. Julai 31, 2014, Miami, Giancarlo Stanton alirusha mpira kutoka upande wa kulia na kumkuta Zack Cozart wa Cincinnati bado yuko mbali na nyumbani. Mdakaji Jeff Mathis alimgusa bila shida. Kisha waamuzi wakaenda kwenye picha za marudio zaidi ya dakika sita, wakaamua kwamba Mathis alikuwa amesimama njiani kabla ya kuupata mpira. Pointi ikahesabiwa, na Cincinnati wakashinda 3 kwa 1. Kocha wa Miami, Mike Redmond, naye mdakaji wa zamani, alitolewa uwanjani kwa hasira.

Redmond alikuwa na hoja. Cozart hakukwamishwa na mtu, mpira ulimtangulia kwa mbali. Mwezi Septemba ligi iliwaandikia waamuzi maelekezo mapya: kama mkimbiaji angetolewa hata njia ingekuwa wazi, basi ametoka. Walioipinga kanuni walitumia mkasa wa Miami kusema ifutwe. Kwangu mkasa ule unaonyesha kinyume. Kanuni iliyokaa miezi sita ikaonekana ina kasoro, ikarekebishwa ilipoingia mwezi wake wa saba, ni kanuni yenye wenyewe wanaoijali.

8. Tazama miguu ya mdakaji

Ukipata nafasi ya kuketi upande wa besi ya tatu, usiufuate mpira mkimbiaji anapogeuka kuja nyumbani. Mpira utaujua kwa kelele za watu. Mtazame mdakaji. Zamani angeweka mguu wa kushoto juu ya mstari, goti limekunjwa, kiunzi kama cha mlango uliofungwa. Sasa anasimama mbele ya kibao, upande wa ndani ya uwanja, vidole vya mguu wa kushoto vikiishia kwenye pembe ya kibao, na ukanda mzima wa nyuma ameuacha wazi kwa mkimbiaji. Anadaka mpira mbele ya mwili, kisha anauzungusha mkono wa glavu nyuma kama anayepangusa meza, chini kabisa, sentimita chache juu ya udongo.

Na mkimbiaji naye amejifunza. Kwa kuwa hawezi tena kuvunja mlango, anatafuta upenyo. Anateleza kwa mbali upande wa nje, mwili wote umepita kibao, mkono mmoja umebaki nyuma na vidole vinagusa pembe ya mwisho. Wengine hunyoosha mkono mmoja, wakauvuta glavu inapokuja, na kugusa kwa mwingine. Yote hutokea kwa chini ya sekunde moja na mara nyingi huwezi kujua jibu hadi picha zirudiwe. Waliosema kanuni itaua msisimko wa nyumbani nawaomba waketi upande huo jioni moja tu.

Haijamaliza kila kitu. Julai 7, 2019, Jake Marisnick wa Houston alimgonga Jonathan Lucroy wa Angels, akamvunja pua na kumwachia mtikisiko wa ubongo. Waamuzi waliamua kwamba Marisnick ametoka, na ligi ikamfungia mechi mbili. Kabla ya 2014 pointi ile ingehesabiwa, na jioni ile ingeitwa ya kishujaa.

9. Hesabu kile ambacho mchezo ungekikosa

Posey alirudi 2012. Alipiga wastani wa 0.336, akawa mdakaji wa kwanza kuongoza National League kwa wastani tangu Ernie Lombardi mwaka 1942. Akapiga homurani 24, akaingiza pointi 103, akatajwa mchezaji bora wa ligi yake, na Giants wakatwaa ubingwa. Wakautwaa tena 2014. Alistaafu baada ya msimu wa 2021, akiwa bado anapiga 0.304, kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mifupa yake iliunga vizuri. Bega la Fosse liliunga vibaya. Tofauti kati ya wawili hao haikuwa moyo wala bidii. Ilikuwa eksirei iliyoonyesha na isiyoonyesha, kifundo na bega, tiba ya 2011 na tiba ya 1970. Kwa hiyo mtu akinitajia kurudi kwa Posey kama ushahidi kwamba wachezaji wa kweli huinuka, humtajia zile homurani 2 za mwisho za mwaka 1970.

10. Hatari huhama, macho yahame nayo

Siku hizi ubishi wetu umesogea hatua moja nyuma. Wadakaji wamekuwa wakichuchumaa karibu zaidi na kibao, kwa sababu mpira wa chini ukidakwa mapema huonekana mzuri machoni pa mwamuzi. Gongo la mpigaji nalo limeanza kuwapata. Mei 7, 2024, gongo la J.D. Martinez wa New York Mets lilimvunja mkono wa kushoto Willson Contreras wa St. Louis, mmoja wa wadakaji waliokuwa wakipiga vizuri kuliko wengi. Alikosa wiki nyingi za msimu, na 2025 timu yake ikamhamishia besi ya kwanza.

Hapa hakuna wa kulaumiwa. Mpigaji alizungusha gongo kama ipasavyo, na mdakaji alikaa pale ambapo kazi yake ilimtuma akae. Kanuni ya sasa inampa mpigaji besi ya kwanza bure gongo likimgusa mdakaji, jambo ambalo timu nyingi ziko tayari kulilipa. Mimi nataka mstari uchorwe mbele ya mdakaji, wa chokaa, unaoonekana, na asiuvuke hadi mpira ufike kwa mpigaji. Rafiki zangu kwa kinyozi wanasema nazidisha. Wengine wanasema mstari utafutika kwa viatu kabla ya awamu ya tatu. Hilo la mwisho ni kweli, na ndilo tunalolijadili sasa.